Je, Lipo Neno Unalolijua Usilolisema?

Mwezi huu nataka tufikiri pamoja juu ya swali moja fupi. Swali lenyewe halikutoka katika shule yetu wala katika baraza letu hapa Mnero. Huulizwa mbali, katika masoko ambamo watu huuza na kununua hisa za makampuni. Lakini nilipolisoma mara ya kwanza lilinichoma moyo kana kwamba limeandikwa kwa jina langu, na sababu yake nitaieleza mbele. Swali ni hili: Je, lipo neno unalolijua, ambalo hujawaambia wengine, nao wangalilijua wangalifahamu kwa nini bei imebadilika?

Kwanza yatupasa kujua hisa ni nini. Hisa ni fungu katika mali ya kampuni. Watu mia wakichanga fedha wakanunua mashine ya kusaga unga, kila mmoja ana fungu lake katika mashine ile, naye aweza kumwuzia mwenziwe fungu hilo. Mashine ikipata kazi nyingi, fungu lapanda bei, ikivunjika, lashuka. Hapa Tanzania soko la namna hii lilianza kazi Dar es Salaam tarehe 15 Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuandikwa humo ni TOL, watengenezaji wa hewa ya oksijeni. Walimu wenzangu wengi walianza kujua habari za hisa mwaka 2015, Benki ya Biashara ya Mwalimu ilipouza hisa zake kwa shilingi 500 kila moja.

Wala msidhani ya kwamba mambo haya hayatuhusu sisi watu wa vijijini. Nikeli ya kilima cha Ntaka, katika wilaya yetu ya Nachingwea, ilitafutwa na kampuni ambayo hisa zake ziliuzwa katika soko la Australia. Kinywe cha Nachu na cha Chilalo, katika wilaya ya Ruangwa, vivyo hivyo. Kinywe ni lile jiwe jeusi, laini, lenye kung'aa, litumikalo katika kalamu za risasi, na siku hizi katika betri za magari ya umeme. Basi nchi hii tunayoipalilia mikorosho, watu wa Sydney na Perth waliitia bei kila siku, wakinunua asubuhi na kuuza jioni, na wengi wao hawajapata kuiona kwa macho.

Katika soko lile la Australia wako maofisa ambao kazi yao ni kuziangalia bei mchana kutwa. Wakiona hisa ya kampuni fulani imepanda ghafula, au imeshuka ghafula, au imenunuliwa kwa wingi usio wa kawaida, na hakuna habari iliyotangazwa, huiandikia kampuni barua. Barua ile haimshitaki mtu, yauliza tu. Swali la kwanza ndilo lile nililolitaja hapo juu. La pili: ikiwa neno hilo lipo, mbona hamjalitangaza? La tatu: ikiwa halipo, je, mwaweza kutaja sababu nyingine ya bei kubadilika? Tena huitaka kampuni ithibitishe ya kuwa yaishika sheria ya soko, inayoagiza kwamba kila habari kubwa iwezayo kuigeuza bei itangazwe mara. Kampuni hupewa muda mfupi sana wa kujibu, kisha barua na majibu yake huwekwa hadharani, kila mtu apate kuyasoma. Madalali wa huko huiita barua hii kwa mzaha hati ya mwendo kasi, kama ile apewayo dereva na askari wa barabarani.

Mara nyingi kampuni hujibu kwa ufupi: Hatujui neno lo lote. Na pengine ni kweli, kwa maana bei huweza kupanda kwa uvumi tu, au kwa kuwa madini yamepanda ulimwenguni kote. Wala sheria haikatazi siri yote. Kampuni iliyo katika mapatano yasiyokwisha yaweza kunyamaza, maadamu siri yenyewe imefungwa vema. Lakini siri ikianza kuvuja, ruhusa ya kunyamaza yakoma. Yaani mtu aweza kufunga mlango kwa wote, lakini hawezi kuwafungia wengi na kuwafungulia wachache.

Tazameni kilima chetu cha Ntaka, mpate kuona jinsi neno moja liwezavyo kuwa fedha. Mwaka 2018 serikali ilizifuta leseni za namna ile iliyoshikwa na kampuni juu ya kilima hicho. Kampuni ikapeleka shauri mbele ya baraza la usuluhishi la mataifa. Julai 2023 baraza likaamua ya kwamba Tanzania ilipe fidia, nayo pamoja na riba ilipita dola milioni 109. Mwaka uliofuata pande mbili zikapatana kwa dola milioni 90. Sisemi ya kwamba mtu ye yote alifanya hila katika shauri hilo, silo nililokusudia. Nasema tu: hukumu kama ile haitoki hewani. Yuko aliyeiandika, yuko aliyeipiga chapa, yuko aliyebeba karatasi. Kila mmoja wao alijua, kabla ya ulimwengu kujua, neno liwezalo kumtajirisha mtu kwa siku moja. Kinachomzuia karani asiende mbio kununua hisa ni sheria na dhamiri. Na sheria peke yake ina macho mafupi.

Ya kuwa ina macho mafupi, jirani zetu wa Kenya wameyaona. Duka kubwa la Uchumi lilipofungwa mwaka 2006, watu walishitakiwa kwa kuuza hisa zao kabla ya habari mbaya kutangazwa. Mahakama ikawaachilia, kwa kuwa si kazi nyepesi kuthibitisha mtu alijua nini na alilijua lini. Tena mwezi wa Oktoba 2018 kampuni ya Rubis kutoka Ufaransa ilitangaza kwamba yataka kuinunua kampuni ya mafuta ya KenolKobil, kwa shilingi 23 za Kenya kila hisa. Ikaonekana ya kuwa siku chache kabla ya tangazo hilo hisa za KenolKobil zilinunuliwa kwa wingi usio wa kawaida. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikachunguza, ikazuia fedha katika akaunti kadha wa kadha, na mashauri yake yakachukua miaka. Huku kwetu pia sheria ya mwaka 1994 ya masoko ya mitaji yakataza mtu kufanya biashara ya hisa kwa siri aliyoipata ndani.

Sasa tuje kwenye kiini. Je, kunyamaza ni dhambi? Mtu asiyesema uwongo, ila amenyamaza tu, amemwibia nani?

Swali hili ni la zamani mno. Cicero, Mrumi aliyeandika kitabu juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, ameeleza mfano huu. Katika kisiwa cha Rodo palikuwa na njaa kuu. Mfanyabiashara mmoja akafika kutoka Iskanderia na merikebu ya nafaka. Alijua ya kuwa nyuma yake merikebu nyingine nyingi zimekwisha kung'oa nanga, nazo zaja zimejaa nafaka. Watu wa Rodo hawakujua. Je, awaambie, ama anyamaze na kuuza kwa bei ya njaa? Wenye hekima wawili walishindana juu yake. Diogenes alisema ya kwamba muuzaji hana lazima kutoa kila habari. Kutosema si kuficha. Antipater akamjibu ya kwamba sisi sote ni jamaa moja, na afaidiye kwa ujinga wa mwenziwe amelivunja jamaa hilo. Cicero mwenyewe aliona mfanyabiashara yule hakuwa na haki ya kuwaficha watu wa Rodo. Miaka mingi baadaye Mtakatifu Thomas wa Akwino alilipima shauri hilo hilo. Yeye alisema haki haimlazimishi mfanyabiashara kutaja merikebu zijazo, kwa kuwa anauza kwa bei aliyoikuta sokoni. Lakini akisema, au akipunguza bei, wema wake wazidi.

Mwaona, basi, hata watu wakubwa hawakupatana. Nami mwalimu wa kijijini sitathubutu kuwa hakimu juu yao. Lakini nadhani lipo jambo moja lituwezeshalo kutoka katika mashindano hayo, nalo ni kuuliza: Neno lile ulilolijua, ulilipataje?

Mkulima aangaliaye mawingu, ajuaye dalili za mvua kwa kuwa ametembea mashambani miaka arobaini, akapanda mapema, huyo hakumwibia mtu. Mfanyabiashara asafiriye mpaka Lindi na Mtwara kuuliza bei, alale njiani, apate homa, arudi na habari, naye pia amekula jasho lake. Elimu ya namna hii naiita elimu ya jasho. Ni mali ya mwenyewe. Kuigawa ni wema, lakini kuitumia si wizi.

Lakini fikirini kijana aliyeajiriwa kuwabebea mizigo wapima madini. Ameona kwa macho yake kinywe katika shamba la mzee fulani. Usiku anakwenda kwa mzee, anampa shikamoo, ananunua shamba lile kwa bei ya shamba la muhogo, akitumaini fidia itakayolipwa baadaye. Kijana huyu hakusema uwongo hata neno moja. Lakini neno alilolijua halikuwa lake. Alilipata kwa kuwa aliaminiwa kuingia mahali ambapo mzee hakuweza kuingia. Hii naiita elimu ya amana. Karani wa mahakama, mkurugenzi wa kampuni, mwandishi wa kijiji, mwenye funguo za ghala, wote wanabeba elimu ya amana. Atumiaye amana kwa faida yake ni mwizi, hata kama hakuufumbua mdomo wake.

Mtu mmoja aweza kunikumbusha ule mfano wa Injili, wa mtu aliyeiona hazina shambani, akaificha, akaenda kuuza vyote alivyo navyo akalinunue shamba lile. Lakini mfano ule hautolewi kutufundisha kununua mashamba. Watufundisha jinsi Ufalme wa Mungu ustahilivyo kuachiwa vyote. Mtu asichukue taa ya kanisani akaendee wizi.

Sasa nitimize ahadi yangu, niseme kwa nini swali la soko la hisa lilinichoma.

Mwaka mmoja, wakati wa korosho, nilikuwa nikiandika kumbukumbu za mikutano ya chama kimoja cha ushirika. Jioni moja mtu alinipigia simu kutoka mnadani, akanieleza bei waliyoikubali wanunuzi. Ilikuwa bei njema, kupita tulivyotumaini. Sikuitafuta habari ile. Ilinijia kwa sababu ya kazi yangu, ili nikaitangaze asubuhi mbele ya wakulima wote. Usiku ule ule alikuja jirani yangu, mama mjane. Mtoto wake ana homa, naye ana magunia mawili ya korosho ndani.

Akaniambia, "Mwalimu, yuko mtu ataka kuzichukua kwa kangomba, anipe fedha usiku huu. Niuze, au ningoje?"

Mtu yule wa kangomba alikuwa shemeji yangu. Nilijua kwamba sheria yakataza biashara yake, nami nilijua kwamba bei yake ni karibu nusu ya ile niliyoisikia katika simu. Nikafikiri juu ya shemeji yangu, na juu ya dada yangu, na juu ya maneno yatakayosemwa nyumbani. Nikamjibu mama yule, "Shauri lako, mama. Mwenye mali ndiye ajuaye."

Akauza. Asubuhi nikasimama mbele ya mkutano, nikaisoma bei kwa sauti kubwa. Watu wakapiga vigelegele. Mama yule alikuwa ameketi mstari wa mbele. Akanitazama, kisha akatazama chini.

Kwa muda mrefu nilijiambia ya kuwa sikusema uwongo. Na kweli sikusema. Wala sikupata hata senti moja katika mali ile. Lakini wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu, nami mshindo wa kimya kile niliusikia kila nilipopita mbele ya nyumba yake. Siku nilipousoma utaratibu wa barua zile za Australia, niliona ya kuwa mama mjane alikuwa ameniuliza swali lile lile, kwa maneno yake mwenyewe, mlangoni pangu, usiku. Aliuliza, je, lipo neno unalolijua? Nami nikajibu kama yanavyojibu makampuni: Hatujui neno lo lote. Ila mimi nilijua.

Nikakusanya fedha, kadiri ya ile tofauti ya bei, nikampelekea, nikamweleza yote. Alipokea, akanyamaza kidogo, akasema, "Fedha nimepokea, Mwalimu, ahsante. Lakini usiku ule nilikuja kutafuta neno. Sikuja kutafuta fedha." Sikuwa na jibu, na hata leo sinalo.

Kwa hiyo nimeona ya kwamba hasara ya siri haipimwi kwa mizani ya ghala tu. Fedha yaweza kurudishwa. Lakini mtu aliyekuja kwako akiamini, akaondoka na shauri lililo nusu, hurudi mara ya pili kwa shida. Ndiyo sababu masoko yale makubwa, ambayo watu wake si watakatifu kuliko sisi, yameona lazima kuuliza. Hawaulizi kwa sababu ya huruma. Wauliza kwa kuwa wanajua ya kwamba siku watu wa kawaida watakapoona wachache wanajua mapema na wengi wanajua baadaye, hawatakuja sokoni tena. Na chama cha ushirika, je, si vivyo hivyo? Mkulima akiisha kuona ya kuwa mwandishi na jamaa zake wajua bei kabla yake, ataona afadhali kangomba, na chama kitakufa bila kuuawa na mtu.

Lipo na fundisho la pili, nalo ni kwa wale wasiojua. Tazameni tena jinsi barua ile ilivyo. Bei imepanda ghafula, hawasemi, "Mwizi huyu." Wauliza, tena hadharani, na kumpa nafasi ya kujibu hadharani. Sisi vijijini twafanyaje? Mtu akijenga nyumba ya bati kwa mwaka mmoja, hatumwulizi. Twanong'ona kisimani na kilabuni. Mwingine asema ameiba fedha za chama. Mwingine, mjinga zaidi, asema ametumia uchawi. Mwenye hatia hufaidiwa na minong'ono hiyo, kwa kuwa hakuna amwulizaye uso kwa uso. Na asiye na hatia huumia, kwa kuwa hakuna ampaye nafasi ya kujibu. Swali la wazi lamsaidia mwema, lamtaabisha mwovu. Mnong'ono wafanya kinyume chake.

Basi mkutano ukikutana, mweka hazina asione haya kuulizwa, wala mwenye kuuliza asidhaniwe kuwa adui. Na ulizeni mapema, kabla magunia hayajatoka ndani ya nyumba: Nani amekwisha isikia bei? Ameisikia lini? Amemwambia nani? Maneno haya si ya matusi. Katika masoko ya mamilioni ya dola huulizwa kila wiki, na hakuna avunjiwaye heshima.

Lakini wako kati yetu ambao hakuna mkutano utakaowauliza, kwa kuwa hakuna ajuaye ya kwamba wanajua. Sheria haiwaoni, na mizani haiwapimi. Huyo ni mimi, usiku ule mlangoni. Kwa mtu wa namna hii barua haitakuja kutoka soko lo lote. Yampasa ajiandikie mwenyewe. Kila jioni, kabla ya kuzima taa, ajiulize: Leo nani alikuja kwangu kutafuta neno? Nilikuwa nalo? Nilimpa?